Veridiana wa Lukuledi, Aliyebisha Hodi Gerezani

Alizaliwa Lukuledi, wilayani Masasi, tarehe 9 Februari 1971, siku ambayo mvua ilinyesha tangu alfajiri na mkunga akafika ameloa mpaka kilemba. Baba yake, Alfredi, alikuwa seremala wa misheni; mama yake, Justina, alilima mihogo na mahindi, na msimu ulipofika akaokota korosho kama wenzake. Alibatizwa baada ya siku nane kwa jina la Veridiana, jina ambalo bibi yake alishindwa kulitamka hadi anaingia kaburini, hivyo akamwita Veri, na kijiji kizima kikafuata. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Mbele yake alikuwapo Fortunatus, aliyemzidi miaka sita, na huyu hatuna budi kumweleza mapema, kwa kuwa maisha ya dada hayaelezeki bila ya kaka.

Fortunatus alikuwa msemaji. Watu wa Lukuledi walisema kwamba ukimtuma huyo chumvi, mboga zitaliwa bila chumvi, maana hakupita nyumba bila kubisha hodi na kuuliza habari za mgonjwa, za kuku anayeatamia na za kijana aliyekwenda Newala kutafuta kazi. Ndiye aliyembeba Veridiana mgongoni, akamfundisha kusoma kwa kitabu cha nyimbo kilichokosa jalada, na kwa vile mtoto yule alikuwa na haya kupindukia, ndiye aliyemsemea mbele ya watu. Katika mafundisho ya komunyo ya kwanza padre alimuuliza Veridiana ni nani aliyemuumba. Akageuka kumtazama kaka yake. Padre alicheka mpaka akavua miwani, kisha akamrudisha darasani mwaka mzima. Alitaniwa kwa jambo hilo hata alipokuwa mtu mzima, naye alikubali kutaniwa.

Alipofikisha miaka kumi na tisa alijiunga na masista, na miaka miwili aliyokaa nao aliikumbuka daima kama watu wanavyokumbuka nyumba waliyozaliwa. Lakini mwaka 1992 mama yake alipooza upande mmoja, baba alikuwa ameshafariki, na Fortunatus alikuwa na mashamba ya watu wawili mkononi. Veridiana akarudi nyumbani. Hakunung'unika, ingawa waliomfahamu wanasema alilia njia nzima hadi kondakta wa basi akamuuliza amefiwa na nani. Miaka mitatu baadaye parokia ilimteua kuwa katekista, akawa anazunguka vigango vya Lukuledi, Lisekese na Chiungutwa kwa baiskeli, akifundisha watoto na kuzika maskini padre alipokuwa mbali. Hakuolewa. Sala yake ya asubuhi aliiandika nyuma ya picha ya Bikira Maria: "Bwana, nitume popote, ila nakuomba usinitume kuhutubia." Mungu, kama tutakavyoona, hakuizingatia sana sehemu ya pili.

Mwaka 2008, korosho zilipoanza kudondoka, Fortunatus aligombana na jirani yake wa shamba huko Chiungutwa, mtu mmoja aitwaye Dominic, juu ya mikorosho mitatu iliyosimama mpakani. Maneno yalizidi, wakashikana, Dominic akaanguka na kujigonga kisogo kwenye kisiki, akafa kabla ya kufikishwa zahanati. Fortunatus hakukimbia. Alikaa kando ya maiti akilia na kuomba msamaha kwa sauti hadi polisi walipofika. Mwaka 2010 alihukumiwa kifungo cha miaka kumi na miwili kwa kuua bila kukusudia, akapelekwa gereza la mbali, nje kabisa ya mkoa, ambalo hatulitaji jina kwa kuwa walio kazini humo leo sio waliokuwamo wakati ule. Tangu siku hiyo Veridiana alimwandikia kaka yake kila mwezi, na mara moja kwa mwaka, njia zilipokauka, alisafiri siku mbili kwenda kumwona kwa dakika kumi na tano. Alizoea kusema kuwa dakika hizo zilimtosha mwaka mzima, na kila aliyemsikia alijua kuwa anasema uongo.

Sasa tunafika kwenye kosa lake, nalo tunaliandika wazi kwa sababu mwenyewe alitaka liandikwe. Mwezi Mei 2012 alifika Lukuledi mtu wa Newala, Mwislamu, jina lake Bwanali, aliyekuwa amemaliza kifungo chake katika gereza lile lile. Alikuwa mpishi humo ndani. Alimwona kwa macho yake Fortunatus akigombana na nyapara juu ya chakula cha mgonjwa, na akamwona akipelekwa kwenye selo ya adhabu, chumba kidogo chenye mlango wa chuma, akae humo peke yake siku kumi na nne. Siku kumi na nne zikaisha, hakutoka. Askari walisema sasa amewekwa humo kwa usalama wake. Bwanali alikuja mbio kuipasha familia habari, lakini alipokaribishwa ndani alimkuta mama Justina kitandani, mdomo umepinda, macho yamemkodolea kwa hamu ya kusikia habari za mwanawe. Kwetu habari mbaya haimwagwi mbele ya mgonjwa kama maji ya kuoshea vyombo. Huanza na salama, huzungushwa, huachiwa mwenye busara aimalizie pembeni. Bwanali akasema, "Salama tu, mama. Fortunatus yupo, mzima. Tena sasa halali na wenzake, kapewa chumba chake."

Alitegemea binti amsindikize nje amwulize. Binti hakuuliza. Alijua, kama sisi sote tulivyojua, kwamba wafungwa hulala wamebanana, wanageuka kwa zamu, na aliposikia kaka yake amepewa chumba, aliona heshima: ameaminiwa, amepandishwa, kama mzee anayetengewa chumba chake nyumbani kwa wanawe. Akapiga kigelegele pale pale. Bwanali akameza maneno yake pamoja na chai, akaondoka. Jumapili ya Moyo Mtakatifu, mwezi Juni, Veridiana alipeleka shukrani altareni, jogoo mwekundu na kapu la korosho zilizobanguliwa, na padre wa parokia, Bonifasi, akatangaza sababu, na kina mama wakashangilia mpaka njiwa wakatoka darini. Kisha aliandika barua. Ilianza kama barua zetu zote zinavyoanza, kwamba yeye ni mzima, hofu ni kwake yeye aliye mbali na upeo wa macho yake, ikajaa salamu za watu ukurasa mzima, na mwishoni ikasema: "Tumshukuru Mungu, kaka, kwa chumba alichokupa." Na kwa kuwa moyo wake ulikuwa umetulia, safari ya mwezi wa saba aliiahirisha hadi mwisho wa mwaka.

Alifika gerezani Novemba. Langoni aliambiwa mfungwa huyo haonwi. Akauliza kwa nini, akajibiwa tu kwamba haonwi. Alikaa kwenye benchi la wageni mpaka wageni wote wakaondoka, na askari magereza mmoja mwanamke, Sia, mzaliwa wa Kilimanjaro, akamwonea huruma, akaja kuinama karibu naye kana kwamba anafunga kamba za viatu.

"Mama, unatoka mbali?"

"Masasi, afande. Nimekuja kumwona kaka yangu. Ana chumba chake."

Sia aliziachia kamba. "Mama yangu, nani kakwambia habari ya chumba? Kile si chumba cha kukaa mtu. Yumo humo tangu Aprili. Hasemeshwi, hatoki, chakula kinapita chini ya mlango. Sisi wenyewe tunakatazwa kuongea naye."

Tangu Aprili. Veridiana alihesabu kwa vidole mbele ya askari yule, Aprili, Mei, Juni, na alipofika Juni mkono wake ulisimama, kwa sababu Juni ndiyo aliyopiga vigelegele. Alimwomba Sia amwambie kitu kimoja tu: je, barua yake ya Juni ilifika? Sia akasema ilifika, yeye mwenyewe ndiye aliyeipitisha chini ya mlango, ila za miezi mingine zilizuiwa.

Hakuondoka. Alilala kwa watawa wa jirani, na kila kulipokucha alirudi kwenye benchi lile na kumsalimia kila askari aingiaye na atokaye, akiuliza kwa adabu, "Afande, nani aliyeamua akae humo miezi saba?" Alikuwa mtu asiyeweza kujibu katekisimu, na sasa aliuliza swali hilo hilo siku nane mfululizo. Waliulizana wenyewe kwa wenyewe. Ikaonekana hakuna aliyeamua akae miezi saba. Ila tu hakuna aliyeamua atoke, kila bosi alidhani ni amri ya mwenzake. Siku ya tisa walimtoa. Alimjia dada yake akiwa ameshika ukuta, macho ameyafumba kwa mwanga, ndevu zimefika kifuani. Veridiana alipiga goti kidogo kama alivyozoea tangu utoto. "Shikamoo, kaka." Midomo ya Fortunatus ilitikisika, haikutoa kitu. Dakika kumi na tano ziliisha hivyo. Na kwa miaka kumi iliyofuata mtu yule ambaye tulimtania kwa maneno mengi alijibu ndiyo na hapana kwa askari pale ilipolazimu, na kwa watu wa nyumbani kwake hakutoa hata hilo.

Veridiana hakuwa na shaka juu ya sababu. Aliamini kwamba kaka yake, akiwa gizani, alisoma kwamba dada yake anamshukuru Mungu kwa giza lile, na kwamba hapo ndipo alipofunga kinywa. Alitamani kitu kimoja duniani, amsikie akisema marahaba, apate kujua kuwa amesamehewa. Hamu hiyo haikumwacha. Ilimwamsha, ilimlaza, ilikaa naye kwenye baiskeli, na ndiyo iliyompeleka alikokuwa hataki kwenda. Jumapili ya kwanza ya Majilio, mwaka ule ule wa 2012, aliomba ruhusa ya Padre Bonifasi, akasimama mbele ya kanisa lililojaa, akasema: "Mwezi wa sita niliwaita mshangilie. Tulishangilia adhabu. Mwali tukimweka ndani, jambo la kwanza tunalouliza ni yuko na nani, na hakuna mwali anayeachwa bila somo wake wa kumfunda hata kwa saa moja. Mimi nilisikia kaka yangu kawekwa ndani, sikuuliza yuko na nani." Akaketi. Huo ulikuwa mwanzo wa utume wake, nao haukuzidi dakika mbili.

Wa kwanza kumfuata alikuwa Bwanali, aliyekuja kutoka Newala kuungama kwake kabla hajaombwa, akisema ulimi wake wa adabu ndio uliosababisha yote. "Tulikosea pamoja, Bwanali," alimjibu Veridiana, "tutatengeneza pamoja." Bwanali akampeleka kwa Sheikh Ashraf wa msikiti wa jirani yake, mtu mcheshi mwenye kitambi na elimu. Sheikh alisikiliza yote, akauliza swali moja, kama na Waislamu wamo katika selo hizo. Alipoambiwa wamo, alisimama akatafuta viatu vyake. Wakazunguka pamoja karibu miaka miwili, katekista, sheikh na mpishi wa gerezani, makanisani na misikitini, kutoka Masasi mjini hadi vijiji vya ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, wakiwaeleza waumini kitu ambacho wengi hatukuwa tumewahi kukifikiria: kwamba ndani ya magereza kuna gereza jingine, na kwamba mtu akikaa humo siku nyingi bila sauti ya binadamu, akili yake huanza kumtoka hata kama mwili unakula.

Wengi hawakutaka kusikia. Walimwita mtetezi wa wauaji. Basi Agosti 2014 waliacha maneno, wakaanzisha Siku ya Kukaa. Kila aliyejiandikisha aliingia chumbani asubuhi, bila simu, bila redio, bila kitabu, akakaa hadi jioni; na mtu wa nyumbani alimsukumia chakula mlangoni bila kumsemesha wala kuitikia salamu yake. Hilo la mwisho ndilo lililotuvunja. Katika nchi hii mtu hupitwa na basi akiwa bado anaitikia habari za asubuhi. Kumpa mtu ugali na kumnyima neno hatujapata kufundishwa. Padre Bonifasi alikiri kwamba saa mbili za kwanza alilala usingizi mtamu, kisha akahesabu misumari ya bati, kisha akaanza kuisemesha. Sheikh Ashraf alitoka adhuhuri, jasho linamtiririka, akasema, "Nilidhani mmenisahau. Najua hamkunisahau, mke wangu alikuwa anatwanga nje ya dirisha, lakini nilidhani." Mwanamke mmoja wa Lisekese aliyempelekea mumewe chakula alirudi jikoni akalia, akisema kuwa yeye ndiye aliyeadhibiwa. Jioni ile hapakuwa na haja ya mahubiri. Watu elfu mbili na mia tatu walitia saini au dole gumba kwenye barua ya maombi, wakiomba mambo matatu: asiwepo mfungwa wa kuwekwa peke yake bila tarehe ya kutoka, familia yake iambiwe ukweli bila kuzungushwa, na viongozi wa dini waruhusiwe kubisha hodi kwenye mlango wake.

Jaribu kubwa zaidi halikutoka kwa wakubwa. Lilitoka Chiungutwa, kwa Ethel, mjane wa Dominic. Alimsubiri Veridiana nje ya kigango baada ya ibada, akamwambia mbele ya watu, "Mume wangu yuko peke yake chini ya udongo tangu mwaka wa nane. Yeye nani anambishia hodi?" Veridiana hakutafuta jibu la kujitetea. Alisema tu, "Sijui, dada. Naomba nije." Akaja. Kila Jumamosi kwa miaka minne alipalilia mikorosho ya Ethel, alifagia kaburi la Dominic, alikaa kando yake akilisemesha habari za kijiji, bei ya korosho na nani kaoa. Mwaka wa kwanza Ethel hakumpa hata maji ya kunywa. Mwaka wa pili alimpa maji. Mwaka wa tatu alimpa kiti. Agosti 2018 jina la Ethel lilionekana kwenye orodha ya Siku ya Kukaa, na hakuna aliyethubutu kumwuliza sababu.

Maombi yao yalijibiwa kwa sehemu. Mkuu mpya wa gereza lile aliruhusu mwaka 2016 wajumbe wawili, Mkristo na Mwislamu, wafike mara moja kwa mwezi kwenye milango ile ya chuma na kusalimia. Hawakuruhusiwa kuona uso. Walibisha hodi, walisubiri. Veridiana alifundisha kwamba mtu asiondoke kabla ya kusubiri muda wa kusali Baba Yetu tatu, hata pasipokuja jibu, kwa kuwa aliye ndani huenda anatafuta sauti yake. Alikwenda yeye mwenyewe mara thelathini na moja. Milango mingine iliitikia kwa kilio, mingine kwa matusi, na matusi aliyapokea kwa furaha isiyofichika.

Fortunatus aliachiliwa mwaka huo wa 2018, baada ya kupunguziwa theluthi ya kifungo, akapokewa nyumbani kwa dada yake. Mama yao alikuwa ameshazikwa. Hakuvumilia mlango uliofungwa. Wiki ya kwanza, kwa ufundi aliorithi kwa baba yake, aling'oa milango yote ya nyumba, mmoja baada ya mwingine, akaiegemeza kwenye banda la mbuzi, na Veridiana akanunua vitenge vya kutundika. Kila asubuhi kwa miaka minne alitoka chumbani kwake, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, kaka." Akasubiri muda wa Baba Yetu tatu. Kisha akaenda kuwasha moto. Jirani mmoja alimshauri aache, anajiumiza bure. Alijibu, "Nikiacha mimi, atajuaje kama bado kuna mtu anamngoja?" Lakini Padre Bonifasi, ambaye ndiye aliyemsikiliza siku zote, ametuambia kwa ruhusa yake kuwa mara nyingi alilia, na kwamba swali lake kwa Mungu lilikuwa moja: kwa nini alipewa kusikika na watu elfu mbili asisikike na mmoja?

Machi 2022 alianza kukohoa damu. Ilikuwa kifua kikuu sugu, na madaktari walidhani alikipata katika safari zake. Alilazwa hospitalini, na kwa ajili ya usalama wa wagonjwa wengine aliwekwa katika chumba cha peke yake, chenye dirisha la wavu lililotazama uani. Wauguzi walikuwa wema, wakiingia na barakoa, wakizungumza naye. Hata hivyo aliwasihi wote wanaomtembelea wasimwambie kaka yake jinsi alivyolazwa. Alijua neno chumba lingemfanya nini. Miezi ikapita, dawa hazikushika, akabaki mifupa na macho. Muuguzi wake, Grace, alimkuta mara kwa mara amegeukia mlango, anasikiliza.

Aliyevunja agizo lile ni Ethel. Tarehe 13 Septemba alipanda bodaboda kutoka Chiungutwa hadi Lukuledi, akaingia katika nyumba isiyo na milango, akasimama mbele ya mtu aliyemuua mumewe. Hawakuwa wameonana tangu mahakamani. Akamwambia, "Dada yako kawekwa chumba cha peke yake. Anakufa. Mimi nimemwona, wewe umekaa hapa kama gogo." Kisha akamwambia dereva asubiri, kuna abiria wa pili.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Grace alikuwa chumbani akibadilisha shuka, na haya tunayaandika kama alivyotusimulia. Sauti nzito, yenye kutu, ilisema, "Hodi." Veridiana alidhani ni daktari, akaitikia kuelekea mlangoni, "Karibu." Sauti ikarudia, "Hodi humo," na safari hii ilitoka dirishani. Grace alimsaidia kuinuka. Nje ya wavu alisimama mzee mwenye mvi, ameshika kofia kwa mikono miwili. Veridiana hakuweza kupiga goti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alisema Fortunatus. "Marahaba, Veri. Habari za humo ndani?"

Alilia kwanza, kisha akasema lile alilolibeba miaka kumi, maneno yakigongana. "Kaka, ile barua. Nisamehe ile barua."

Fortunatus alikaa kimya, na Grace anasema aliogopa kwamba kimya kile kimerudi. Halafu akaanza kusoma, ingawa hakuwa na karatasi. "Mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Anakusalimu mama. Anakusalimu Padre. Anakusalimu Severina wa kisimani na wanawe wote. Anakusalimu fundi baiskeli, anasema pampu yake bado unayo." Aliwataja watu ishirini na sita, kwa mpangilio ule ule. "Nilikuwa nawaitikia, Veri. Mmoja mmoja, kila siku. Salama, mama. Salama, Padre. Hiyo pampu nilimwambia nitairudisha. Mule ndani hakuna mwingine aliyenisemesha. Bila wao ningekufa."

"Na pale pa chumba?"

"Hapo nilikuwa naparuka."

Alimweleza pia kuwa hakumnyamazia kwa hasira hata siku moja. Maneno yalikuwa yanakuja, yakifika kinywani yanasimama yakingoja mtu wa nje afungue, kama alivyozoea yeye mwenyewe kungoja. Siku ile aliposikia dada yake yuko ndani alielewa kuwa sasa wa nje ni yeye. Akazungumza hadi jua lilipoingia, habari za mbuzi, za mihogo, za nani kapita barabarani, na kesho yake akarudi, na keshokutwa, wiki tano bila kukosa. Veridiana aliyezaliwa na haya hakuhitaji kusema neno. Alilala ametazama dirishani, akisemewa tena. Alifariki Ijumaa, tarehe 21 Oktoba 2022, saa nne asubuhi, katikati ya hadithi ya kaka yake juu ya jogoo wa jirani. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Grace anashuhudia kwamba Fortunatus aliona, akaumalizia mkasa ule hadi mwisho, ndipo akavua kofia.

Alizikwa Lukuledi. Sheikh Ashraf alitembea nyuma ya jeneza na waumini wake, na Ethel alitia udongo pamoja na ndugu. Kuhusu maajabu tunasema kwa tahadhari, maana Kanisa halijatamka neno nasi hatulitangulii. Mfungwa mmoja wa Newala, aliyetengwa peke yake katika gereza lile mwezi Desemba mwaka ule, wajumbe walipozuiwa na mafuriko, ameapa kwamba siku ya ziara alisikia mlangoni sauti ya mwanamke ikibisha hodi na kusubiri muda mrefu. Tumeliandika kama alivyolisema. Sisi tunaowajua wote wawili tunaona ajabu kubwa zaidi ni bodaboda ile, iliyotoka Lukuledi na Ethel nyuma ya dereva na Fortunatus nyuma ya Ethel, wamekaa wamegusana mabega kwa kilomita zote zile.

Leo waumini wa makanisa na misikiti kumi na minne, Masasi na Newala, wanaikaa Siku ya Kukaa, na Fortunatus ni mjumbe wa milangoni. Hatujafika mbali. Bado yako magereza yasiyotufungulia, bado kuna watu ambao hawajui tarehe yao ya kutoka, na tunawangoja, kila mmoja, bila kuwajua majina. Anayetaka kumwiga Veridiana asianze na makubwa. Akisikia mtu ametengwa, gerezani, hospitalini au nyuma ya nyumba ya jirani, na akiambiwa kwamba ni salama tu, asishangilie na asiondoke. Aulize yuko na nani. Na kama jibu ni kwamba hayuko na mtu, avae viatu aende.